Intanshipu ya serikali kwa tuliosoma sayansi, miezi 12 yangu hapa Mbeya

Nimemaliza mwezi uliopita na wenzangu wa chuo kila siku wananiuliza wasapu kama inafaa kuomba, bora niandike mara moja. Nna digrii ya bayoteknolojia, nlikaa nyumbani Iringa mwaka na miezi minne, kila tangazo la kazi linataka uzoefu, sasa huo uzoefu utautoa wapi kama hakuna anayekupokea uanze?

Hela ni ndogo. Nlikuwa napata 150,000 kwa mwezi, chumba Uyole 40,000, toa nauli, toa mkaa, na mwezi wa 6 baridi ya huku lazima ununue blanketi la pili. Kuna kipindi posho ilikaa miezi miwili haijaingia, mama mwenye nyumba alinivumilia, Mungu ambariki.

Miezi 3 ya kwanza niliwekwa ofisi moja napanga mafaili na kutoa fotokopi. Iliniuma sana. Nkaandika barua kuomba nihamie maabara, kimya, nkaandika ya pili nkaipeleka mwenyewe mkononi, ndo nkapelekwa kwenye maabara ya tishu kalcha ya viazi mviringo, yani kuzalisha miche ndani ya chupa kutoka vipande vidogo vya mche.

Jamani hapo ndo nlianza kusoma. Chuoni tulionyeshwa kwenye slaidi tu, huku unapika midia mwenyewe (chakula cha mche ndani ya chupa), sukari gramu 30 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu) unaiweka 5.8, unatia aga ya kugandisha, afu otokleva, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, nyuzi 121. Unakaa kwenye lamina, kabati la kupuliza hewa safi, unakata mche vipande vipande, kila kipande kiwe na jicho lake, wiki 3 au 4 kila kimoja kishakuwa mche mzima nao unaukata tena. Chupa zangu 60 za kwanza karibu zote ziliota ukungu. Dada aliyekuwa ananisimamia hakunigombeza, alinikalisha pembeni yake siku nzima nimwangalie anavyopitisha koleo kwenye moto, akanionyesha na mimi naongea huku nakata, pumzi yote inaingia kwenye chupa. Za mzunguko uliofuata ziliharibika 4 tu.

Na hii kazi ina maana huku kwetu, mana wakulima wengi wa Uporoto, Umalila mpaka Njombe wanapanda viazi walivyobakiza msimu uliopita, na mnyauko bakteria unasafiri na mbegu hiyohiyo, ukishaingia shambani hakuna dawa ya kupulizia ikauponya. Baba yangu mdogo ulimmalizia nusu eka, nikiwa mwaka wa pili chuo, sikuwa na la kumwambia. Sasa ninalo, apande mbegu safi iliyotokana na miche ya maabara.

Kinachonisikitisha, mkataba ukiisha ndo basi, unarudi kutafuta. Serikali imeanzisha Samia Skolashipu 2022 kusomesha waliofaulu vizuri sayansi, jambo zuri kabisa, ila hao nao watahitimu, watahitaji maabara za kukaa sio makabati ya mafaili.

Mimi naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ile miezi 3. Ukiitwa usisaini kabla hujauliza utakaa kitengo gani na nani atakusimamia, na kila wiki logibuku (daftari la kazi ulizofanya) isainiwe, usisubiri mwishoni. Barua yangu ya kumaliza imeandika kabisa kwamba naweza kuzalisha miche mwenyewe bila kusimamiwa, nishaiambatanisha kwenye maombi ya masters SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Wa bailojia na kemia mliokwama kwenye mafaili, barua niliyoombea kuhama ninayo bado, anayeitaka aseme nimtumie.