Terminali ya GNOME: kufuli linalozuia hata kipanya

Katika ofisi yetu ya Mkunazini, Mji Mkongwe, pana skrini inayoonyesha htop, programu ya kutazama kazi zinazoendelea kwenye kompyuta, usiku na mchana, ili anayeingia zamu aijue hali ya seva kabla hajaketi. Skrini hiyo iko karibu na mlango, na kibodi yake niliiondoa zamani nikidhani nimemaliza kazi. Asubuhi moja kijana aliyekuwa akipangusa meza alikibonyeza kipanya, na mshale ulikuwa umetua kwenye mstari wa chini kabisa, juu ya neno Quit. Programu ikajifunga, nasi tukahangaika robo saa tukiamini kwamba seva imezimika.

Sababu yake inafaa kueleweka. Programu kama htop, vim au tmux ikiomba habari za kipanya, terminali, yaani dirisha linaloendesha programu za maandishi, huugeuza kila mbofyo kuwa herufi na kuzipitisha njia ile ile ya kibodi: ukibofya safu ya 10, mstari wa 5, kwa mfumo unaotumika sana leo hutumwa alama ya ESC ikifuatwa na [<0;10;5M, na ukiachia kitufe, M kubwa huwa m ndogo. Kwa hiyo hali ya kusoma tu inayozuia kibodi peke yake haijazuia kitu.

Terminali ya GNOME, ile ya mazingira ya GNOME kwenye Linux, imelifanya jambo hili ipasavyo. Unafungua menyu, unachagua Read-Only (kusoma tu), na maktaba yake ya VTE haipitishi tena herufi, mibofyo wala mwendo wa kipanya. Nilibofya Quit na Kill mara nyingi kwa makusudi; htop haikutikisika. Kwenye kichupo cha pili, chenye journalctl -f inayoonyesha kumbukumbu za mfumo zinavyoingia, bado ninapandisha juu kusoma yaliyopita na kunakili mstari wenye kosa, jambo ambalo kwetu ni la lazima.

Kasoro ninayoilalamikia kwa dhati ni kwamba hali hiyo huwekwa kichupo kwa kichupo wala haihifadhiwi kwenye wasifu (mipangilio ya terminali inayohifadhiwa), hivyo umeme ukikatika na kompyuta ikawaka upya, kufuli halipo tena mpaka mtu akumbuke kuliweka. Tena halizuii dirisha lenyewe kufungwa kwa alama ya pembeni. Hadi wasifu utakapoweza kuihifadhi, tumebandika karatasi kando ya skrini: umeme ukirudi, Read-Only kwanza.