Pawabenki Ipi Ununue? Anza na Mizani

Kila ninapokwenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kununua pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, mkobani nabeba mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga. Naomba kuiona, naiweka juu ya mizani pale pale kaunta, nasoma gramu, ndipo naulizia bei. Mwanzoni wauzaji walinishangaa. Siku hizi kuna kijana mmoja ambaye huniambia gramu zake kabla sijafungua mkoba.

Nilianza tabia hii baada ya kuuziwa boksi lililoandikwa ujazo wa miliampia-saa (mAh) 50,000. Simu yangu liliijaza mara moja tu, likaisha. Nikalipeleka kwa fundi akalifungua: seli mbili, yaani betri ndogo za ndani, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili mkono uhisi uzito.

Hesabu yake si ngumu. Pawabenki nyingi nene zina seli za mviringo ziitwazo 18650, kwa kuwa upana wake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Seli nzuri ya aina hiyo hubeba miliampia-saa kama 3,500 na uzito wake ni gramu 45 hadi 50. Ili boksi langu lifike 50,000 lingehitaji seli kumi na nne au kumi na tano, yaani gramu 630 au zaidi kabla ya ganda na sakiti. Lilikuwa na gramu 240. Zile nyembamba zinatumia seli bapa, lakini nazo haziikimbii mizani: pawabenki ya kweli ya 10,000 huwa na gramu 180 hadi 250, na ya 20,000 huwa na gramu 330 hadi 450. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, usiulize swali la pili. Ikiwa nzito, bado geuza nyuma usome, maana chuma nacho kina uzito.

Nyuma tafuta wati-saa (Wh), kipimo cha umeme uliohifadhiwa ndani. Namba kubwa ya mbele huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zenyewe, ilhali mlango wa kutolea umeme huanzia volti 5. Chukua 10,000: ni ampia-saa 10 mara 3.7, sawa na wati-saa 37. Gawanya kwa 5, zinabaki miliampia-saa 7,400. Ondoa kinachopotea kwa joto kwenye sakiti na waya, umebaki na 6,000 na kidogo. Hapo hujaibiwa, ndivyo umeme ulivyo, na kampuni zinazojiheshimu huandika namba hiyo ndogo, yaani ujazo halisi, kwa uwazi karibu na ile kubwa. Nikikosa wati-saa na nikakosa ujazo halisi, nairudisha kabatini.

Sasa nipange, kuanzia ninayoipendekeza kwa watu wengi hadi ile ambayo ningeomba usiinunue.

Nafasi ya kwanza: 10,000 yenye mlango wa Taipu C unaoingiza na kutoa, wati 20 au zaidi

Hii ndiyo niliyomnunulia shemeji yangu anayeendesha bodaboda Mbagala. Simu yake inawaka ramani na programu ya abiria tangu alfajiri, na saa saba mchana ilikuwa inazima. Betri ya simu ya 5,000 ina wati-saa kama 19, kwa hiyo pawabenki ya 37 inaijaza mara moja na kubakisha karibu nusu ya pili. Kwa siku moja ya kazi inatosha, na inakaa mfukoni bila kuvuta koti.

Sharti langu kubwa ni huo mlango wa Taipu C unaofanya kazi pande zote mbili. Pawabenki za zamani huingiza umeme kwa mlango mdogo wa maikro, wati 10 tu, na waya wake ni ule ambao kila nyumba imeshaupoteza. Simu mpya karibu zote ni Taipu C, hata iPhone tangu toleo la 15 la mwaka 2023, hivyo waya mmoja unachaji simu na pawabenki.

Kuhusu kasi, uliza inaunga mkono mfumo gani. Ule wa PD (Power Delivery) ndio wa wote: iPhone na Samsung wanaufuata, ingawa Samsung hufika kasi yake kamili pale tu pawabenki inapokuwa pia na PPS, nyongeza ya PD inayorekebisha volti kidogo kidogo. Simu za Oppo, Infinix na Tecno nyingi zina mifumo yao ya chaji ya haraka, na ukizichomeka kwenye pawabenki ya kawaida huchaji kwa kasi ndogo kuliko chaja iliyokuja kwenye boksi lake. Simu haijaharibika, wala pawabenki si feki. Lugha zao tu hazikupatana.

Yangu nililipia shilingi 45,000, na inaingia mwaka wa tatu. Ukitaka kulinganisha bei za maduka mawili, gawanya bei kwa wati-saa badala ya kuangalia ukubwa wa boksi. Utashangaa mara ngapi ile "ya bei poa" inageuka kuwa ghali.

Nafasi ya pili: 20,000, lakini soma inavyoingiza umeme

Wati-saa 74. Hii ni ya nyumba yenye simu tatu, ya basi la Dar hadi Mwanza, ya msiba kijijini ambako soketi moja inagombewa na watu thelathini. Ikiwa na kutoa wati 45 au 65 inaweza pia kusukuma kompyuta ndogo inayochajiwa kwa Taipu C, saa moja au mbili za ziada kutegemea kazi unayofanya.

Watu huangalia inatoa wati ngapi, wanasahau inaingiza ngapi. Kwetu hili ndilo linaloumiza. Umeme ukirudi saa tatu usiku na kukatika saa sita, una saa tatu tu. Pawabenki ya 20,000 inayoingiza wati 10 itakuwa imekusanya chini ya nusu yake, kwani inahitaji saa nane hivi kujaa. Inayoingiza wati 20 itakuwa imefika kama robo tatu, alimradi chaja yako ya ukutani nayo inatoa wati 20. Nimeona watu wakilaumu pawabenki nzuri huku wameichomeka kwenye chaja ya kitochi.

Hapa pia kuna njia ya kumnasa mdanganyifu baada ya kununua. Chomeka pawabenki tupu kwenye chaja ya wati 10 uangalie saa. Ya 20,000 ikijaa kwa saa mbili, ndani hamna 20,000. Fanya hivyo siku ile ile, wakati muuzaji bado anakumbuka sura yako.

Nafasi ya tatu: betri ya rauta

Kwa anayefanya kazi nyumbani ningeipandisha hadi ya kwanza. Mimi ilinibadilishia maisha kuliko kifaa chochote nilichonunua miaka ya karibuni. Ni kijisanduku kinachokaa kati ya soketi na rauta, kile kifaa cha kugawa intaneti nyumbani; kina betri ndani, na madukani utasikia kikiitwa UPS ndogo. Umeme ukikatika rauta haijui.

Intaneti ya faiba nyingi zinazofika majumbani zinapita kwenye mfumo ambao hauna mashine ya umeme njiani: kati ya kituo cha mtoa huduma na nyumba yako ni kioo na vigawanyaji vya mwanga tu. Mtaa mzima ukiwa gizani, mwanga bado unafika kwako ilimradi kituo chao kina umeme. Kinachokatika ni rauta yako, na rauta nyingi hula wati 6 hadi 10 tu. Betri iliyoandikwa 8,800, yaani wati-saa kama 32, inaiweka hai kama saa tatu au zaidi. Nimemaliza mikutano mingi ya kazi huku chumba kikiwa na mwanga wa skrini peke yake.

Kabla ya kununua soma kibandiko chini ya rauta. Kikisema volti 12 na ampia 1, karibu zote zitaifaa. Kikisema ampia 2, tafuta yenye kutoa ampia hizo, la sivyo rauta itajizima na kujiwasha usiku kucha. Rauta ya volti 9 usiichomeke kwenye tundu la volti 12. Na kama mtu atakushauri waya wa bei nafuu wa kupandisha volti kutoka pawabenki ya kawaida, jua kwamba pawabenki nyingi hukata umeme kwa sekunde moja pale unapozichomeka au kuzichomoa ukutani, na sekunde hiyo inatosha rauta kuanza upya.

Nafasi ya nne: ya sumaku

Inabandikwa nyuma ya simu na kuchaji bila waya. Inapendeza, na mdogo wangu wa kike ameipenda mno kwa sababu ya pochi ndogo. Ila nyingi ni za 5,000, chaji isiyo na waya hupoteza umeme mwingi zaidi kwa joto, na simu nyingi zinazouzwa kwetu hazina sumaku wala uwezo huo. Kwa mwenye iPhone ya kuanzia 12 yenye sumaku, sawa. Wengine wapite.

Nafasi ya mwisho: yenye sola mgongoni

Hii nawaomba msiinunue, na ninasema hivyo nikijua inauzwa sana kwa watu wanaokwenda shamba au kijijini, watu wanaohitaji umeme kuliko wote. Paneli ya ukubwa wa kiganja hutoa wati moja, moja na nusu, jua likiwa la utosi. Kujaza wati-saa 37 kwa kasi hiyo ni zaidi ya saa 24 za jua kali, kwa hiyo siku tano au zaidi bila kuigusa. Wakati huo wote betri ya lithiamu imelala juani, na joto ndilo adui yake wa kwanza. Unaiunguza ili uichaji.

Kwa fedha hiyo hiyo au ukiongeza kidogo, nunua paneli ya kukunja ya wati 20 yenye mlango wa USB, na pawabenki ya kawaida ya 10,000. Paneli ianike juani, pawabenki iweke kivulini chini yake. Kwa jua la Dodoma nusu siku inatosha.

Kwa anayepanda ndege

Kikomo cha jumla ni wati-saa 100, kwenye begi la mkononi tu, kamwe si lile linaloingia tumbo la ndege. Ya 20,000 ina 74, inapita. Ya 30,000 ina 111, hiyo inahitaji ruhusa ya shirika na unaweza kulazimika kuiacha uwanjani. Wanaokwenda Dubai kuchukua mzigo wajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates inaruhusu pawabenki moja kwa abiria, na hairuhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Kanuni zilikazwa sehemu nyingi baada ya ndege ya Air Busan kuungua ikiwa bado ardhini huko Korea Kusini, Januari 2025, na wachunguzi wakasema huenda moto ulianzia kwenye pawabenki. Ndiyo maana maandishi ya nyuma yasifutike: mkaguzi asipoyaona wati-saa ana haki ya kuikataa.

Za mitumba sinunui kabisa. Hata kampuni kubwa hukosea: Juni 2025 Anker iliziita zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni moja za toleo A1263 nchini Marekani kwa hatari ya moto. Za namna hiyo zikiishia mikononi mwa wauza mitumba, hakuna atakayekupigia simu kukuonya. Na yako ikianza kuvimba, hata kidogo, acha kuichaji siku hiyo. Usiitoboe, usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Iweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka umpate fundi au mkusanyaji wa taka za elektroniki wa kuichukua.

Jambo la mwisho ni risiti. Dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mwombe muuzaji aandike juu yake muda wa waranti na jina la toleo. Karatasi ile ya mashine hufifia, na baada ya miezi michache huenda usisome hata tarehe, kwa hiyo ipige picha kabla hujatoka dukani.