Corolla yangu na 2C-T ya tabo, miezi saba sasa: gereji naipa nyota tatu

Pale Kabwe, hapa Mbeya, kuna kijana anaosha magari, kila nikizima lazima aseme "dada, mbona Corolla inalia kama Canter?" Na sio yeye tu, kila mtu anauliza, basi naandika hapa mara moja yaishe: nilitoa injini ya petroli nikaweka 2C-T, injini ya dizeli ya Toyota yenye tabo.

Gari ni Corolla ya mwaka 94, ilikuwa na 5A ya petroli, gia otomatiki. Kazi yangu ni kusambaza vifaranga vya siku moja, nachukua Uyole napeleka Chunya, Tukuyu, Mbalizi, mara moja moja mpaka Makambako, siti ya nyuma niliishaing'oa kitambo hapo yanakaa maboksi tu. Ile 5A ilikuwa imechoka, inakunywa oili, na kupanda mlima wa Kawetele ilikuwa aibu, unakanyaga mpaka chini inapiga kelele tu haiendi huku lori limekukalia mgongoni linakupigia honi. Sisi hapa mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, alafu Kawetele ndo unazidi kwenda juu, hewa nyepesi, injini inayojivutia hewa yenyewe lazima ikose pumzi. Ya tabo inasukumiwa hewa ndani, ndo mana nikaitaka.

Kwanini 2C-T na sio kitu kipya? Kwasababu haina kompyuta. Ni cc 1974, Toyota waliiweka kwenye Vista, Corona, Caldina za enzi hizo na vile vibasi vya LiteAce, pampu yake ni ya kizamani, fundi yeyote wa pampu ameishaifungua. Farasi ni 80 na ushee tu, 5A kwa makaratasi inamzidi, ila nguvu ya dizeli inakuja mapema, mizunguko ya injini ikifika elfu mbili na kidogo ushabebwa, 5A mpaka uililize kwanza. Na Toyota wenyewe waliuza Corolla za umri huu zenye 2C isiyo na tabo, kwahiyo nafasi kwenye boneti ipo na maunting (vishikizo vya injini) za dizeli zinatafutika, sio kitu cha kubuni. Kitu kimoja tu, usiuziwe ya LiteAce kwa sababu ni rahisi, ile inakaa kwa urefu inazungusha tairi za nyuma, hiyo kwenye Corolla utalia. Tafuta iliyotoka kwenye gari ya kuvuta mbele, na gia boksi yake ya manyuo ikiwa imeshikana.

Yangu ilitoka Dar, kwenye Caldina, milioni mbili na laki tatu pamoja na gia boksi na tabo yake. Ufundi laki saba. Redieta ya dizeli, betri N70 (ile ndogo ya petroli haiwezi kuizungusha asubuhi ya baridi), taiming belti mpya, sili, oili, pedeli ya klachi na vikorokoro vyake, nikajumlisha ikaja milioni tatu na laki tisa. Hapo bado sijasema chai za vijana.

Gereji siitaji jina, iko upande wa Iyunga, wenyewe wakisoma watajijua. Nianze na mazuri maana yapo. Kuchomelea wanajua. Maunting wamezikalisha vizuri mpaka leo hamna mtetemo wa ajabu, paipu ya egzosi inayoshuka kutoka kwenye tabo waliikunja upya safi haigusi popote. Tangi walishusha wakaliosha, wakatoa pampu ya petroli ya ndani maana dizeli pampu inavuta yenyewe, wakaweka filta yenye kile kipampu cha mkono juu na kichujio cha maji. Nilisimamia mwenyewe taiming belti ibadilishwe kabla injini haijaingia, mzee wa gereji akasema "mama, hii bado nzima", nikamwambia baba angu badilisha tu. Huo mkanda ndo unazungusha kamshafti na pampu pia, Toyota wanasema kilomita laki moja ubadilishe, sasa injini ya mtumba nani anajua imetembea ngapi, ikikatika valvu zinakutana na pistoni unarudi Dar tena kutafuta injini.

Swichi ya hita plagi sasa. Gari ya petroli haina waya za hita plagi (zile zinazopasha injini joto kabla hujawasha), na injini hii bila hizo mwezi wa sita hapa Mbeya haiwaki, utazungusha mpaka betri ife. Wao wakafunga kitufe cha kengele ya mlango. Nasema kweli, kile cheupe chenye picha ya kengele, kimegundishwa pembeni ya usukani, kinawasha rilei, unashikilia unahesabu mpaka kumi na tano alafu unapiga stata. Nilicheka siku ya kwanza. Ila kinafanya kazi, sijakibadilisha, mwanangu akipanda lazima akibonyeze aseme hodi.

Haya, mabaya.

Siku nakabidhiwa gari breki ni ngumu, yaani unakanyaga kama unakanyaga jiwe. Nikauliza, yule mzee akanijibu "dizeli ndivyo zilivyo mama, utazoea". Nikaamini, mi najua nini. Kesho yake nikaenda Tukuyu na maboksi nane, mteremko wa kuingia Kiwira mbele yangu kuna Coaster inashusha abiria, nakanyaga breki gari haisimami, nimesimama na miguu yote miwili juu ya pedeli, nikarudisha gia ya pili injini ikapiga yowe, nikavuta hendibreki, nikatoka pembeni kwenye majani ya migomba. Hamna aliyeumia. Vifaranga vilipiga kelele vyote kwa pamoja alafu vikanyamaza vyote kwa pamoja, sijawahi kusikia kitu kama kile. Mama mmoja muuza ndizi akaja akanishika mkono akasema pole, nikamwambia ndaga (asante kwa Kinyakyusa), hata sauti ilikuwa haitoki.

Fundi mwingine, kijana tu wa hapo Kiwira, alifungua boneti dakika mbili akaona. Injini ya petroli breki zake zinasaidiwa na mvuto unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini. Dizeli ya namna hii haina huo mvuto, kwahiyo Toyota wameweka kipampu cha kuvuta hewa, na kiko nyuma ya altaneta, vimeshikana kitu kimoja, kina na kipaipu chake cha oili. Wale jamaa altaneta iliyokuja na injini ilikuwa haichaji, wakachukua altaneta ya ile 5A yangu wakaitengenezea bano wakaifunga. Kuchaji inachaji. Ila kipampu hakipo, hosi ya breki imezibwa kwa bolti na kipande cha mpira wa tyubu, na ule mdomo wa oili nao umezibwa kwa bolti. Kwahiyo mtu alikaa, akaona hosi haina pa kwenda, akatafuta bolti inayoenea, akaziba, akanipa funguo. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo, sio kutojua, ni kwamba alijua kuna kitu kimebaki akaziba.

Altaneta sahihi yenye pampu yake nimeipata Mwanjelwa kwa laki moja na sabini, hela yangu. Siku hiyo hiyo breki zikawa laini.

La pili ni temostati (kile kinachozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate joto), na hili nililigundua kwa sababu ya vifaranga. Napanda Kawetele saa kumi na moja alfajiri, kuna ukungu, nafungulia hita ndani vipate joto, inapuliza baridi. Dakika kumi, ishirini, baridi. Nafika Chunya mshale wa joto umepanda kidogo tu. Walikuwa wameitoa temostati wakaitupa, ule ugonjwa wa mafundi wetu wote, ukiuliza utaambiwa "tunaitoa ili isichemshe". Sasa hii injini hedi yake ni ya aluminiamu kwenye bloku ya chuma, inajulikana dunia nzima kwa kupasuka hedi, haitaki joto la kupita kiasi na haitaki kupelekeshwa ikiwa bado baridi, inataka ikae kwenye joto lake. Nikaweka temostati mpya, na kulanti ya ukweli sio maji ya bomba, na kifuniko kipya cha redieta. Kifuniko watu wanakidharau lakini huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu, kile kifuniko kinachoshika presha ndo kinayazuia yasichemke mapema. Toka hapo mshale unapanda mpaka katikati unatulia hapo hapo, na vifaranga vinalala mpaka Chunya.

Madogo madogo: mshale wa mizunguko ulikufa, sio kesi. Mbele gari imeinama kidogo maana dizeli ni nzito, nimeweka springi ngumu. Asubuhi moshi mweupe dakika moja alafu unaisha. Kelele ipo, usinunue kama unapenda redio. Na jifunze kuiacha iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta dakika moja kabla hujazima ukitoka mlimani, tabo bado ina moto, ukizima ghafla oili inaungulia humo humo.

Karatasi gereji hawakuniambia chochote. Kadi ya gari ina namba ya injini, cc na aina ya mafuta, vyote vitatu vimebadilika, kwahiyo ukaguzi wa polisi, TRA, alafu bima nao uwaambie. Tunza risiti ya injini, bila hiyo utaelezea mpaka jioni.

Mafuta nimepima mwenyewe. Nilijaza mpaka shingoni Uyole, nikaenda Iringa nikarudi na mizunguko ya mjini, kilomita 670, nikajaza tena zikaingia lita 44. Hiyo ni kilomita 15 kwa lita, petroli ilikuwa inanipa 10 ikiwa imeamka vizuri. Mimi natembea kama kilomita 60 kwa siku, naokoa lita mbili, tuseme elfu sita, kwahiyo hiyo milioni tatu na laki tisa itarudi karibu miaka miwili kama hamna kitakachokufa katikati. Wewe wa kwenda kazini Mafiati na kurudi, tafuta 5A nyingine ulale. Kupanda ila, asee, Kawetele sasa napanda gia ya tatu na maboksi nyuma, lile lori la honi nalipita mimi.

Kwahiyo injini nyota nne na nusu, gereji tatu, na hizo tatu ni za yule kijana wa kuchomelea. Nilirudi kwao na ile bolti mkononi, mzee akaitazama akasema "vijana hawa", akaniahidi laki na sabini yangu mwisho wa mwezi. Ilikuwa mwezi wa nne. Ikija naongeza nyota ya nne hapa hapa, bolti bado ninayo kwenye droo ya gari.