Uzoefu wangu: nilikodi hadithi za watu wanaoacha sigara kwa ajili ya familia

Huduma ninayoielezea ni ya mwalimu mstaafu hapa Dodoma anayekodisha vitabu vya mitumba kutoka chumba cha mbele cha nyumba yake, upande wa Kikuyu. Hana bango wala duka. Unamtumia ujumbe WhatsApp, unamweleza unataka kusoma kitu cha namna gani, anatafuta, kisha bodaboda anakuletea mpaka mlangoni. Ada ni shilingi elfu tano kwa mwezi, na unaacha amana ya elfu kumi. Nimekodi kwake vitabu vingi, lakini nimeamua kuandika kwa sababu ya viwili alivyonitafutia mume wangu alipokuwa anaacha sigara.

Baba Neema alikuwa mvutaji tangu kabla hatujajuana. Sababu aliyonipa ya kuacha ilikuwa fupi: mtoto wetu ana pumu. Moshi wa sigara huchochea pumu kwa watoto, na kwenda kuvutia uani hakumalizi tatizo, maana mtu anarudi ndani na moshi kwenye shati. Daktari alishatueleza hayo. Mimi nilitaka kitu kingine, kitu cha kukaa naye jioni, kwa hiyo nikamwandikia mzee: "Shikamoo mwalimu. Naomba hadithi za mtu anayeacha sigara kwa sababu ya mke au watoto. Zisiwe za mahubiri." Akajibu: "Marahaba mama Neema. Ni chache kuliko unavyodhani. Nivumilie kidogo."

Cha kwanza kilikuwa Night Shift, mkusanyiko wa hadithi fupi za Stephen King uliotoka mwaka 1978. Ndani yake kuna hadithi iitwayo "Quitters, Inc." Kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza na mume wangu hapendi kusoma Kiingereza kirefu, nilikuwa nasoma mchana, jioni namsimulia tukiwa barazani, watoto wakishalala. Nawashauri wengine wajaribu hivyo. Hadithi ikisimuliwa inakatizwa, inaulizwa maswali, na maswali yake yalinifundisha mengi kumhusu.

Ndani ya hadithi hiyo, mtu aitwaye Morrison anajiunga na kampuni inayojisifu kwamba inafanikiwa kwa wateja 98 katika kila 100. Mkataba ukishawekwa sahihi ndipo anaambiwa njia yao: watamfuatilia kila aendako, na siku akivuta, mkewe atachukuliwa na kuingizwa kwenye chumba chenye sakafu ya umeme. Akiendelea kukosea, adhabu inamfikia mpaka mtoto wao wa kiume. Mwisho sitausema, msomaji aufikie mwenyewe.

Nilipofika pale Morrison anapovuta akiwa kwenye foleni ya magari, akarudi nyumbani na kukuta mke hayupo, baba Neema alinyamaza. Kisha akauliza, "Huyo mke alisemaje baadaye?" Nikamwambia alimsamehe, na zaidi ya kusamehe, akawaombea baraka waliomtesa kwa kuwa wamemtoa mumewe kifungoni. Akatikisa kichwa. "Hapana. Huyo mwandishi hajamsikiliza mwanamke."

Nakubaliana naye kwa moyo wote. Hadithi imejengwa kwa ufundi mkubwa, hofu inapanda hatua kwa hatua, na inasema kweli moja nzito: yupo mtu asiyeogopa kufa yeye mwenyewe lakini anatetemeka akiguswa mtoto wake. Ila humo familia ni rehani tu. Mke hana sauti kuhusu mkataba unaotekelezwa mwilini mwake. Mimi ni mke wa mvutaji, sikutaka kuwa fimbo ya kumchapia mtu. Siku zilizofuata nilipunguza kumwambia "fikiria Neema", kwa sababu niliona jinsi neno hilo linavyoweza kugeuka sakafu ya umeme.

Kitabu cha pili kilichelewa. Kilisafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, na kilipofika kilikuwa na kurasa zilizoachia gundi. Mwalimu aliniomba radhi na akanipunguzia ada ya mwezi ule bila mimi kudai. Ni riwaya ya Italo Svevo, Mtaliano wa mji wa Trieste, iliyotoka mwaka 1923. Kwa Kiingereza inaitwa Zeno's Conscience. Zeno, mhusika mkuu, ameapa mara nyingi mno kwamba hii ndiyo sigara ya mwisho, akaandika tarehe za viapo hivyo ukutani mwa chumba chake mpaka kuta zikajaa. Baba Neema alipenda sana sehemu hiyo, akataka niirudie.

Halafu Zeno anakubali kufungiwa kliniki ili aache. Usiku wa kwanza tu, wivu unamvaa: anahisi mkewe yuko na daktari. Anamlewesha muuguzi kwa konyaki, anatoroka, anakimbilia nyumbani. Mke yuko nyumbani salama. Hapa mapenzi yenyewe ndiyo yaliyomtoa mtu kwenye tiba! Ni jambo la kweli ambalo simulizi nyingi za mapenzi hazithubutu kuligusa. Kumpenda mtu hakuondoi kiu ya nikotini, kile kilevi kilichomo kwenye sigara, na mara nyingine ndiko kunakoipa kisingizio.

Nilichokikosa katika vitabu vyote viwili ni zile dakika zenyewe. Arosto ya sigara, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, na kwa watu wengi inachukua wiki mbili hadi nne kutulia. Hamu yenyewe inakuja kama wimbi, dakika chache, inashuka. Nyumbani kwetu mapenzi yalifanya kazi yake ndani ya dakika hizo. Shemeji alitutafutia bazoka za nikotini, za kutafuna badala ya kuvuta, na hata hizo zina namna yake: unatafuna polepole mpaka usikie ladha ya pilipili, unaibana kati ya shavu na ufizi, ladha ikishatulia unatafuna tena. Ukinywa kahawa au soda muda huohuo, nikotini hainyonywi vizuri mdomoni. Kwa hiyo kahawa ya asubuhi tuliisogeza mbele, na mimi nikaacha kunywa yangu mbele yake. Akiona hamu inapanda anaamka, tunatembea naye mpaka barabarani na kurudi, hata kama upepo wa Dodoma unatujaza vumbi machoni. Hatuongei sana. Neema akiwa macho anafuata nyuma, anadhani ni matembezi. Nasubiri mwandishi wa kuandika ukurasa mmoja tu wa namna hiyo.

Kuhusu huduma yenyewe: uchaguzi ni wa hali ya juu, kwa sababu mwalimu anasoma anachokodisha na anasikiliza unachoomba. Usafirishaji ni wa polepole, na vitabu vingine vimechakaa, kwa hiyo ukihitaji kitu kwa tarehe maalumu omba mapema. Vya Kiswahili juu ya jambo hili hakunipatia hata kimoja, nami sikumlaumu. Nimeshamwagiza aendelee kutafuta, na amana yangu nimemwachia.

Baba Neema havuti sasa. Mwezi huu yeye mwenyewe ndiye aliyetuma ujumbe kwa mwalimu, akaomba hadithi za safari za treni.