Tathmini ya taarifa ya kila wiki ya vifo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Uingereza

Anayetaka kujua UVIKO-19 iliua watu wangapi England na Wales alikuwa na huduma mbili za umma, zote bila malipo. Ya kwanza ni dashibodi ya serikali, yaani ukurasa wa mtandaoni wa takwimu, iliyosomwa kwenye taarifa za habari za jioni na kufungwa Desemba 2023. Ya pili ni taarifa ya kila wiki ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ijulikanayo kama ONS. Nimezitumia zote mbili kwa muda mrefu, na ninaipendekeza hii ya pili bila kusita, ingawa ina mambo ambayo msomaji anapaswa kuyafahamu kabla ya kunukuu hata tarakimu moja.

Ubora wake unatokana na chanzo chake, yaani cheti cha kifo. Daktari huandika mfululizo wa maradhi yaliyomfikisha marehemu kwenye mauti, ndugu hupeleka taarifa kwa msajili, kisha ONS hutenganisha vifo ambavyo UVIKO ilikuwa sababu ya msingi na vile ambavyo ilitajwa kuwa ilichangia tu. Hesabu ya kila siku ya serikali, ile ya kwenye dashibodi, ilitegemea kipimo cha virusi. Kwa England, hadi mwishoni mwa Aprili 2020 ilihusu vifo vya hospitalini pekee, wakati wazee wengi walikuwa wakifia kwenye nyumba za kuwatunza. Baada ya hapo ikamjumuisha kila aliyewahi kupimwa na kukutwa na virusi, hata kama alipona na kufariki miezi kadhaa baadaye kwa sababu nyingine kabisa. Agosti 12, 2020 kiliwekwa kikomo cha siku 28 tangu kipimo, na idadi ya Uingereza nzima ikashuka siku hiyohiyo kutoka 46,706 hadi 41,329. Vifo 5,377 viliondolewa bila cheti hata kimoja kubadilishwa. Kikomo hicho nacho kiliwaacha nje waliokaa wiki nyingi katika chumba cha wagonjwa mahututi kabla ya kufariki, na hakikuwasaidia kitu wale waliokufa mwanzoni bila kupimwa, vipimo vikiwa haba.

Hata hivyo, sehemu ninayoithamini kuliko zote katika taarifa ya ONS ni safu ya vifo vyote, vya sababu yoyote ile, ikilinganishwa na idadi ya kawaida, ambayo hadi Februari 2024 ilikuwa wastani wa miaka mitano. Katika wiki iliyoishia Aprili 17, 2020 vilisajiliwa vifo 22,351, ambavyo ni 11,854 zaidi ya wastani, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa katika wiki yoyote tangu takwimu zinazolinganishika zianze mwaka 1993. Vyeti vilivyotaja UVIKO wiki hiyo vilikuwa 8,758. Vinabaki vifo vya ziada zaidi ya 3,000 ambavyo hakuna kipimo kilichoweza kuvionyesha, na bila safu hiyo hakuna mtu ambaye angejua kwamba vinahitaji maelezo.

Hapa ndipo ninapoihuzunikia hali ya kwetu. Tanzania ilitangaza wagonjwa 509 na vifo 21 mwezi Mei 2020, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Mahali ambapo vifo vingi, hasa vya vijijini, havifiki kabisa kwenye daftari la msajili, hata wastani wa kulinganishia haupatikani kwa uhakika, na hivyo kimya hicho hakiwezi kuzibwa baadaye kwa hesabu ya vifo vya ziada.

Kwa upande wa mapungufu, taarifa hii si ya haraka: hutoka kama siku 11 baada ya wiki inayohusika kwisha. Isitoshe, huhesabu tarehe ya kusajiliwa, si ya kufa, kwa hiyo ofisi zikifungwa wakati wa Pasaka idadi hushuka na kisha kupanda wiki inayofuata bila ugonjwa wenyewe kubadilika. Vifo vinavyosubiri uchunguzi wa kisheria huweza kuchelewa kwa miezi.

Jambo zito zaidi ni hiyo idadi ya kawaida inayotumika kulinganishia. Wastani wa miaka mitano haukuzingatia kwamba idadi ya watu inaongezeka na wazee wanazidi kuwa wengi. ONS ilikubali hoja hiyo Februari 2024 na kuanza kutumia mbinu mpya, ambayo kwayo vifo vya ziada vya Uingereza kwa mwaka 2023 vilipungua kutoka 31,442 hadi 10,994. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na inanifanya nisiamini makala yoyote inayotaja vifo vya ziada bila kueleza vimelinganishwa na nini. Ninaipongeza ofisi kwa kuzichapisha tarakimu zote mbili hadharani pamoja na maelezo ya mbinu.

Mwanafunzi au mwandishi wa habari anayeanza na apakue faili la mwaka 2020, asome kwanza maelezo ya tarehe za usajili, kisha aanze na vifo vyote kabla ya kugusa safu ya UVIKO. Anayehitaji Scotland au Ireland Kaskazini atalazimika kwenda kwenye ofisi za takwimu za huko, kwa kuwa jedwali hili la wiki limejengwa juu ya England na Wales.