Kipimajoto cha nyama cha shilingi 25,000: mpika kababu na baga asikikose

Napika kababu na baga Sinza, na wateja wangu wengi ni watoto wanaotoka shule. Kipimajoto hiki nimekitumia tangu kabla ya Ramadhani. Nilikipata Kariakoo, kwenye duka la vyombo vya hoteli. Ni kile cha kukunja: mpini mweusi wa plastiki, sindano ndefu ya chuma na kioo kidogo cha namba.

Kazi yake inaridhisha. Namba inatulia baada ya sekunde nne tano, na sindano ni nyembamba, haipasui kababu. Nilikijaribu kwenye bilauri ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, kikasoma nyuzi 0.4 za Selisiasi, karibu kabisa na sifuri inayotakiwa. Maji yakichemka hapa Dar kinasoma 99 na kitu. Mlioko Mbeya au Njombe msishtuke kikisoma chini ya hapo, huko milimani maji huchemka mapema.

Namba ninayoitafuta mimi katikati ya nyama ni nyuzi 71 za Selisiasi, ili kuua vijidudu. Kuna bakteria aitwaye E. coli O157 anayekaa tumboni mwa ng'ombe bila ng'ombe kuugua. Wakati wa kuchinja, kinyesi kikigusa nyama, bakteria hubaki juu yake. Kipande kizima ukikichoma, moto unawamaliza hukohuko juu. Ukiisaga nyama, umewaingiza katikati. Hutoa sumu ya Shiga, yenye jina la Kiyoshi Shiga, Mjapani aliyegundua bakteria wa kuhara damu mwaka 1897. Sumu hiyo ikitoka kwenye utumbo inaingia kwenye damu na kuharibu mishipa midogo ya figo. Chembe nyekundu za damu zinakatika, mkojo unapungua. Wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Marekani mwaka 1993 baga za migahawa ya Jack in the Box ambazo hazikuiva vizuri ziliugulisha watu zaidi ya 700, na watoto wanne wakafariki.

Mdogo wangu ni muuguzi, amehudumia watoto walioharibika figo namna hiyo wakisafishwa damu kwa mashine. Anasisitiza jambo moja, nami nalipitisha kama lilivyo: mtoto akiharisha damu, usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki au vidonge vya kufunga tumbo, maana vinaweza kuzidisha madhara. Mpeleke hospitali apimwe. Na hata kuhara kukikoma, wiki ile mwangalie: amepauka? Anakojoa kidogo? Uso umevimba? Mrudishe siku hiyohiyo.

Ndiyo maana rangi siiamini tena. Kababu nene inatoka kwenye mafuta imekuwa kahawia, inanukia, ukichoma sindano ndani unakuta 58. Inarudi jikoni, moto mdogo. Baga ichome kwa ubavuni mpaka katikati. Ukitobolea juu, ncha inapita hadi chini na kusoma joto la kikaango.

Sasa kasoro, na hii ni kubwa. Kitufe cha kubadili Selisiasi kuwa Farenhaiti kiko mgongoni, kidole kinakigusa bila kujua. Binti anayenisaidia aliona 136, akapakua, akijua imepita 71 mbali. Kumbe ilikuwa Farenhaiti, yaani 58 ileile! Tuliiwahi kabla haijafika kwa mteja. Nimekiziba kitufe kwa solatepu, lakini mtengenezaji angepaswa kukificha ndani. Pia mpini haupendi maji: osha sindano tu, kwa sabuni na maji ya moto, kila ukitoka kwenye nyama ambayo bado haijaiva. Betri yake ni ya kidonge, iweke mbali na watoto.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda kununua, omba kikombe cha barafu ukijaribu palepale kaunta. Muuzaji akikataa kufungua pakiti, ingia duka la pili.