Hisa za Life Time (LTH): Nimezihesabu kwa Maharage, na Kuna Kitu Kimenikera

Haya jamani, karibuni. Hapana, hujakosea chaneli. Ni mimi yuleyule wa blenda, pasi na simu za bei poa. Ila leo bidhaa haina boksi wala waranti, na hilo sinia mnaloliona hapa mezani na nusu kilo ya maharage mekundu si chakula. Msicheke. Yana kazi yake, tutayafikia.

Leo ni hisa. Life Time Group Holdings, alama yake sokoni ni LTH, soko la hisa la New York. Wengi mmeniuliza kwa nini nisichambue kitu kinachouzwa Kariakoo. Nitachambua. Lakini makao makuu ya hawa watu yako Chanhassen, hapahapa Minnesota, Marekani. Kutoka kwangu Brooklyn Park ni kama nusu saa kwa gari, theluji ikiwa imeniachia barabara. Kila nikienda zamu napita kwenye klabu yao moja, na kila nikipita maegesho yamejaa. Saa kumi na moja alfajiri, yamejaa! Nikajisemea, hawa wanakula hela ya nani?

Kwa mliopo nyumbani: ukisikia jimu, usifikirie chumba chenye vioo na vyuma vinne vya kunyanyua. Hivi ni vilabu. Bwawa la ndani, bwawa la nje lenye bembea za maji, spa, mgahawa, mahali pa kuwaacha watoto, na viwanja vya pickleball, ule mchezo wa raketi ngumu na mpira wa plastiki wenye matundu ambao Wamarekani wameupenda mpaka wanagombania zamu. Ada? Kwenye vilabu vyao vingi mtu mmoja anavuka dola 200 kwa mwezi bila kutoka jasho. Yaani ametoa hela kwanza, jasho baadaye.

Mwenye wazo ni Bahram Akradi, mzaliwa wa Iran, aliyeianzisha mwaka 1992, na hadi leo ndiye bosi. Kampuni iliingia sokoni 2004, ikatolewa 2015 iliponunuliwa na mifuko ya wawekezaji binafsi, ikarudi Oktoba 2021 kwa dola 18 kwa hisa. Historia nyingine mtaikuta popote, tusonge.

Ngoja nisogeze simu muone mchoro wa bei. Mnaona? Hapa ndipo walipoanza, 18. Sasa fuata kidole changu. 2022 inateremka, inateremka, hadi chini ya dola 10. Aliyenunua siku ya kwanza alikuwa amepoteza karibu nusu ya hela yake na hata kushuka kwenye treadmill hajashuka. Kisha inajikokota. Mwisho wa 2024 iko 22 na ushee. Mapema 2025 inavuka 30! Halafu, na hapa ndipo wengi walipojikwaa, inarudi kwenye ishirini na kitu, na kufikia Novemba inazungukazunguka dola 25 hivi.

Kilichoniudhi ni kwamba biashara yenyewe haikurudi nyuma. Mapema Novemba 2025 walitoa hesabu za robo ya tatu: mapato kama dola milioni 783, ongezeko la karibu asilimia 13, na faida halisi ikavuka milioni 100. Mwaka 2020 kampuni hiihii ilikuwa mahututi. Machi ule korona iliwafungia vilabu vyote, na mapato ya mwaka yakatoka dola bilioni 1.9 hadi chini ya bilioni moja. Mwaka 2021 hasara ilikuwa zaidi ya nusu bilioni. 2024, mapato bilioni 2.6 na faida milioni 156. Huyo ni mgonjwa aliyetoka wodini na kwenda moja kwa moja kubeba magunia.

Na hawakufika hapo kwa kujaza watu kama daladala. Mwaka 2024 walikuwa na uanachama kama laki nane na kitu tu, ila kila uanachama mmoja uliwaingizia zaidi ya dola 3,000 kwa mwaka. Wanapandisha bei, baadhi ya vilabu vina foleni ya kusubiri, na waliomo hawatoki. Mkufunzi binafsi analipiwa pembeni, spa pembeni, chakula pembeni. Mimi huo ujanja wa biashara naupenda. Naukubali kabisa.

Haya, lete sinia.

Kabla ya sinia, tangazo dogo la chaneli: video sasa zitatoka Alhamisi, si Jumanne. Kazini wamenibadilishia zamu na siwezi kurekodi nikiwa nasinzia, mlinisema sana kwenye ile video ya jiko la gesi. Mliopo Muscat mtaipata usiku wenu, mnisamehe. Na usiponisaidia kubonyeza kengele, basi usinilaumu.

Sasa. Haragwe moja ni dola milioni 25. Kampuni inajisifu kwamba mwaka 2024 ilibaki na fedha huru, zaidi ya dola milioni 270. Fedha huru maana yake, kwa lugha ya kawaida, umepata, umelipa, umejenga, halafu kilichobaki mkononi ni hicho. Ndicho kitu cha kwanza ninachokiangalia, kwa sababu faida ya kwenye karatasi unaweza kuipamba, hela ya mkononi haipambiki. Ndivyo nilivyodhani.

Angalieni. Fedha zilizotokana na kazi yenyewe ya vilabu mwaka ule: takriban milioni 575. Hayo ni maharage 23. Moja, mbili, tatu... nitakata hapa kwenye kuhariri. Haya, 23 haya hapa katikati. Mazuri, yamenona.

Matumizi ya kujenga na kukarabati: takriban milioni 525. Maharage 21. Nayatoa. Naweka pembeni huku. Kimebaki nini? Sogeza macho. Mawili. Mawili tu, yamekaa hapo kama yatima.

Sasa mawili yanakuwaje zaidi ya milioni 270? Hapa ndipo nilipoamka kitandani nikawasha taa. Fungua jedwali lao, soma mstari mmoja baada ya mwingine: kwenye hesabu yao ya fedha huru wanajumlisha pia fedha walizopata kwa kuuza majengo yao wenyewe na viwanja. Basi naleta maharage tisa kutoka kwenye mfuko mwingine. Tisa. Nayamwaga hapa. Mawili na tisa, kumi na moja. Milioni 275! Hesabu imekaa sawa, makofi tafadhali.

Na wakishauza jengo hawahami. Wanauza, kisha wanapanga humohumo. Nipe mfano wa Tegeta. Mzee ana nyumba ya fremu sita, anamuuzia mtu mwingine, anapokea hela yake, na kesho yake asubuhi anafungua duka lake kwenye fremu ileile, ila sasa mwisho wa mwezi anagongewa mlango alipe kodi. Hela aliyopata anakwenda kujenga Bunju. Ni wizi? Hapana. Wameficha? Hapana, wameandika waziwazi. Lakini yule mzee akija kwenye kikao cha ukoo akasema "mwaka huu biashara imenibakishia", shangazi mmoja lazima amuulize: imekubakishia, au umeuza nyumba?

Tufanye mfano wa hesabu, namba za kwangu hizi. Unauza klabu kwa dola milioni 60, mnunuzi anataka kodi ya asilimia 7 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 4.2 kila mwaka, kwa mkataba wa miaka ishirini na zaidi, na kodi hizi zina tabia ya kupanda kidogokidogo. Watu wawe wanakuja kuogelea au wasije, kodi inakuja. Kumbukeni 2020, milango imefungwa na mwenye nyumba bado ana mkataba mkononi.

Tuhesabu na kodi basi, maharage si yapo? Mwaka 2024 kodi ya pango ilivuka milioni 300. Maharage 12. Faida halisi, milioni 156, maharage sita na kipande. Ziweke sambamba. Kodi ni kama mara mbili ya faida! Hapo ndipo nilipotaka kufunga sinia langu na kusema simnunulii mtu hisa hizi.

Lakini sikufunga, na niwe mkweli kwa nini. Yale maharage 21 niliyoyatoa pale pembeni, sehemu kubwa si gharama ya kuishi, ni vilabu vipya. Wanafungua kama kumi hadi kumi na mbili kwa mwaka. Wakiamua kesho kuacha kujenga, sinia linajaa lenyewe bila kuuza tofali. Pili, hela ya majengo haikwenda harusini. Mwisho wa 2023 deni lao lilikuwa mara 3.6 ya faida yao ya mwaka kabla ya riba, kodi za serikali na uchakavu. Mwisho wa 2024 likawa mara 2.3, na 2025 likashuka chini ya mara mbili. Kwa kampuni iliyotoka wodini, hiyo ni nidhamu. Kwa hiyo hasira yangu imepungua kidogo. Kidogo. Yale tisa ningewataka wayaweke kwenye sinia lake.

Mtaniuliza Planet Fitness, ile kampuni nyingine ya jimu. Najua mtaniuliza. Wale ni wa upande wa pili wa barabara: kwa zaidi ya miaka ishirini walitoza dola 10 kwa mwezi, na walipopandisha hadi 15 kwa wanachama wapya mwaka 2024 ikawa habari ya taifa. Vilabu vyao vingi vinamilikiwa na watu wengine wanaolipia jina, kwa hiyo hawahangaiki na zege kama Life Time. Biashara yao inapenda mwanachama anayelipa na haji. Life Time anataka uje kila siku, ule hapo, mtoto alelewe hapo. Na Peloton, ile baiskeli ya sebuleni, iliingia sokoni kwa dola 29, wakati wa korona ikavuka 150, kisha ikaporomoka hadi tarakimu moja. Nakumbusha tu wale walioniambia mwaka ule kwamba jimu zimekufa.

Mama mmoja wa Tanga ameuliza: gawio shilingi ngapi? Mama, sifuri. Hawalipi gawio. Kama umezoea Safaricom au CRDB wanakutumia chochote kila mwaka, huku utakaa na simu yako hadi bei ipande ndipo uuze. Na bei hiyo ina mzigo mwingine: wawekezaji wale wa 2015 wamekuwa wakiuza hisa zao kwa mafungu makubwa, 2025 peke yake zaidi ya mara moja. Mtu mwenye gunia akikaa mlangoni mwa soko anapunguza, wewe mwenye kisado utauza bei gani?

Kwa bei ile ya Novemba 2025, dola 25, na hisa kama milioni 220, soko liliithamini kampuni yote takriban bilioni 5.5. Mapato waliyoyatarajia kwa 2025 yalikuwa karibu bilioni 3. Kwa bei hiyo si ghali ya kutisha, si ya kuokota pia. Kinachonitia wasiwasi mbele si pickleball kupitwa na wakati. Ni mteja mwenyewe. Dola 200 kwa mwezi ni ya kwanza kukatwa mtu akipoteza kazi ya ofisini, hata aseme bwawa ni afya ya akili.

Msimamo wangu, na mimi si mshauri mwenye leseni, ni muuguzi wa zamu anayependa kuchokonoa: ninazo hisa kumi, nilizinunua 22, siziuzi. Kwa 30 nisingeongeza hata moja. Kwa chini ya 25 naongeza tano, ila baada ya kuona hesabu za mwaka mzima wa 2025, na nitazisoma nikiwa na sinia. Nikikuta yale mawili yamefika hata matano bila jengo kuuzwa, nitawapikia video nyingine.

Alhamisi ijayo ni ile programu ya kutuma hela nyumbani mliyonililia, nayo ina makato yake ya kuchekesha. Sasa nisaidieni kutafuta, haragwe moja limeingia chini ya kochi. Milioni 25 hizo.